Nilicheka Njia ya Granada

Baba Thuraya, mume wangu uliyenitangulia,

Nnaona haya kukuandikia, na haya hiyo ndiyo ilonikalisha hapa mezani asubuhi hii, chai inapoa pembeni. Ungekuwa hai ungenambia niseme nilichonacho, nisizunguke. Basi nasema: nimekwenda Andalusia bila wewe, na nilifurahi. Nilifurahi kuliko safari zote tulizokwenda pamoja. Na watu wameniona nikifurahi.

Naiandika barua hii wazi, aisome anayetaka, kwa sababu kilichonitia aibu kimekwisha kuonekana na ukoo mzima, Azaiba, Hail, Sohar, mpaka kwa walobaki Unguja. Walioiona video na waisome na barua. Lakini nasema na wewe, sisemi nao.

Unaikumbuka safari yetu ya kwanza? Tulikuwa tumestaafu sote wawili, mimi kutoka wizarani kule Al Khuwair, wewe kutoka kwenye mafalaj yako, ile mifereji ya kale ya maji uloitumikia maisha yako yote ya kazi. Thuraya, binti yetu wa pekee, alikuwa keshaolewa. Watu wa rika letu walikuwa wakienda Umra, wakienda Salala wakati wa mvua, na waliotaka Ulaya walikwenda na makundi, basi likiwachukua na kuwarudisha kama watoto wa skuli. Wewe ulikataa. "Mie sichungwi," ulisema. Ukakaa na kompyuta yako hapo sebuleni mpaka ukagundua zile ndege za bei poa zinazoruka mji kwa mji huko Ulaya, nauli yake ndogo kuliko chakula cha jioni cha watu wawili hapa Muscat. Tukawa tunakwenda Istanbul kwa ndege ya kawaida, pale tunabadilisha, tunapanda ya rahisi, tukishuka tunakodi gari. Wewe kwenye usukani, mimi pembeni nimeshika ramani ya simu. Ndivyo tulivyoiona Budapest, na Porto, na Vienna, na Krakow.

Wallahi nilikuwa najivunia wewe. Mashoga zangu walipokuwa wakiuliza tumekwenda na kampuni gani, nikiwajibu, "Kampuni ya Nassor."

Lakini nikikumbuka Budapest, uso unanipata moto hata sasa. Tulikuwa tunarudi. Pale mlangoni pa kupandia ndege wameweka kile chuma chao cha kupimia mikoba, na mkoba wako usipoingia, unalipia. Wetu haukuingia. Ukaufungua pale pale chini, mbele ya foleni nzima. Ukanivisha koti lako juu ya koti langu. Ukanifunga sweta kiunoni. Ukanijaza soksi na chaja mifukoni, na mtandio wangu wa kusalia ukanizungushia shingoni. Nguo zangu za ndani zikaonekana na kila mtu. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

"Nassor, watu wanatutazama."

"Aibu ya nini, Zuwena? Hapa nani anakujua?"

Ukacheka, na yule binti wa ndege naye akacheka, na mkoba ukaingia. Mimi sikucheka. Nilipanda ngazi za ndege nimetuna kama godoro lililofungwa kamba, naomba nisionane na Mwarabu yeyote.

Wewe hukuona haya mbele ya wageni hata siku moja. Kitu kimoja tu kilikuwa kikikuvua nguo, nacho ni kupotea njia.

Porto tulipotea. Njia zile nyembamba, mlima juu mlima chini, reli za tramu katikati ya barabara. Simu ikatwambia tukate kushoto, na kushoto hapakuwa na njia, palikuwa na ngazi. Magari nyuma yetu yakaanza kupiga honi. Ukanigeukia, na ile sauti yako sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani.

"Nimekwambia uangalie! Kazi moja tu unayo, moja! Nayo inakushinda!"

Mume wangu, mimi nimeendesha gari peke yangu kutoka Azaiba mpaka Al Khuwair maisha yangu yote ya kazi, kwenye barabara kuu ile ambayo vijana wanakupita kulia na kushoto kama wanakimbizwa, na sikuwahi kukwaruza hata kioo. Lakini katika safari zetu sikushika usukani hata mara moja. Nilikuuliza siku ya kwanza kabisa, ukanijibu, "Dereva wa pili analipiwa zaidi." Sikuuliza tena.

Siku ile nilinyamaza mpaka hotelini. Ukatoka bila kuaga. Uliporudi ulikuwa na karatasi ilokunjwa kama pembe, ndani yake zile njugu kubwa za huko wanazochoma barabarani. Ukakaa kitandani, ukawa unamenya moja moja na kunitilia kiganjani, zingali za moto, unapuliza vidole. Hukusema samahani. Nilikula zote. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yako, niliijua na niliipokea, na usiku nililala mkono wako uko juu yangu kama kawaida. Lakini tangu Porto, kila ulipofunga mkanda wa gari, tumbo langu lilikuwa likikaza. Nilikuwa natazama simu tu, sitazami nje. Vienna sikuiona, Nassor. Nimeiona baadaye kwenye picha.

Andalusia uliiweka ya mwisho. "Tamu huliwa mwisho," ulinambia. Ulikuwa ukisoma khabari zake na kunisimulia tukila, namna Waarabu wa zamani walivyoyachukua maji kutoka mlimani na kuyapeleka mpaka ndani ya majumba ya Granada, yakipita uani na vyumbani. "Ni falaj, Zuwena! Falaj ya wafalme." Ukakata tiketi za watu wawili, zile za rahisi, zisizobadilishwa wala kurudishwa. Kisha ikaja Ijumaa ile. Ulikuwa umekaa kitandani, kanzu yako nimeshakunyooshea, unangoja nikuletee kofia. Niliporudi na kofia ulikuwa umelala ubavu, na nilidhani umepitiwa na usingizi.

Nilikaa eda. Dada yako Moza alikuwa akija kutoka Hail kila wiki na sufuria lake, akinilisha kwa mkono wake kama mtoto. Alikuwa akilia kuliko mimi. Mimi nilikauka. Watu walidhani ni subira, wakanisifu. Na eda ilipokwisha, Thuraya akaja, akanambia tiketi bado zipo, siku yake haijafika.

"Mama, twende. Mie nitakata yangu tukutane Istanbul uwanjani, niko huko kikazi siku hizo hizo."

"Watu watasemaje, Thuraya?"

"Watasema hata ukikaa."

Nilimuuliza Moza. Hakunikataza. Alimimina kahawa, akanambia, "Sheria imekwisha, wifi. Lakini macho ya watu hayana eda." Nilimwelewa vizuri. Na bado nilikwenda.

Sasa nikwambie la uwanjani Istanbul, maana hilo nimelificha hata kwa Moza. Tiketi yangu na yako zilikuwa kitu kimoja, umezikata pamoja. Nilipojisajili kwa simu, siku moja kabla, majina mawili yakatokea, nikabonyeza bila kufikiri. Nimezoea majina yetu kuwa mawili. Basi tumekaa pale tunangoja, Thuraya kaenda kununua maji, watu karibu wote wameshaingia ndani ya ndege, mara sauti ikatoka juu: jina lako. Jina lako lote, na la baba yako, na la ukoo, limevunjwa vunjwa na mtu asiyejua Kiarabu. Abiria Nassor, unatakiwa mlangoni. Kisha tena. Abiria Nassor, mara ya mwisho.

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama. Mzee mmoja pembeni akatazama huku na huku kumtafuta mume wangu anayenichelewesha. Nikaenda mpaka mezani, yule kijana akaniuliza yuko wapi, hapo ikabidi niseme. Nilisema kwa Kiingereza, neno moja, nalo lilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Kijana akainamisha kichwa na kufuta jina kwenye mashine yake. Watu waliokuwa nyuma yangu walisikia. Niliona aibu, Nassor, aibu ya ajabu, kama nimekuacha mahali na nimekamatwa.

Kiti chako ndani ya ndege kilibaki kitupu. Thuraya alitaka kuhamia, nikamkatalia.

Tulishuka Malaga. Kwenye kaunta ya magari, mama wa makamo akachukua karatasi zetu, akauliza dereva nani. Thuraya akanyanyua mkono. Na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Mie." Thuraya akanitazama. "Mama?" Nikatoa leseni yangu ya kimataifa, ambayo nilikuwa nikiikata upya kila mwaka tuliposafiri na kuirudisha mkobani kama ilivyo. Gari ilikuwa ndogo, nyeupe, ya gia za kujiendea zenyewe, zile ulokuwa ukizikataa kwa sababu ni ghali. Nikaizunguka nikaipiga picha kila mkwaruzo, kama ulivyonifundisha. Hilo nilifanya kwa ajili yako.

Kutoka kwenye lile jengo la kuegeshea magari niliwasha waipa badala ya taa ya kukata kona. Jua kali, waipa zinakwenda shwa, shwa. Thuraya kaziba mdomo. Tukaingia barabara kuu. Nimeushika usukani utadhani unataka kukimbia. Kisha mji ukaisha, ikaanza milima, na milima yote imepandwa mizaituni, mistari kwa mistari kama nywele zilosukwa. Nilikuwa nikitazama nje! Naendesha, na natazama nje.

Hapo nikaipita njia ya kutokea. Niliiona inanipita, kibao kile pale, Granada, na mimi niko upande wa mbali, siwezi tena. Nikakaza tumbo. Nikangoja. Unajua nilichokuwa nikingoja.

Thuraya akasema, "Tutatoka ya mbele."

Basi. Akaendelea kula machungwa.

Nikaanza kucheka. Mwanzo kidogo, kisha kikanishika, kicheko kilotoka mahali sikujua kama pangalipo. Lori likatupita likipiga honi kwa sababu nakwenda polepole, nikazidi. Machozi yananitoka, mbavu zinaniuma. Nikaanza kuimba, ile ya harusini ambayo mama zetu walikuwa wakiimba bibi harusi anapotiwa hina, naimba na kupiga usukani kama ngoma, mtandio umenirudi nyuma, nywele zangu nyeupe za mbele ziko nje. Thuraya akachukua simu akanirekodi. Nilimwona. Sikumkataza. Niliitazama ile simu nikacheka nayo.

Hivo ndivyo nilivyokuwa, mjane wako.

Tukaingia Granada. Tukaacha gari nje ya mji wa zamani, maana ndani magari ya wageni hayaruhusiwi na faini yake hukufuata mpaka kwenu. Tukapanda kwa miguu mpaka lile jumba la wafalme, mpaka bustani zake za juu. Pale kuna ngazi, na kingo za ngazi zimechimbwa mfereji, na maji yanateremka ndani yake, upande huu na upande huu, unaweka mkono tu unayashika. Nikatia mkono. Na maji yale baridi ndiyo yalonikumbusha wewe.

Sikiliza nnachokwambia. Nilikukumbuka wakati ule. Maana yake kabla yake sikuwa nakukumbuka. Tangu Malaga, tangu ile njia ilonipita, nilikuwa sinawe. Nimekuja kwenye maji yako, kwenye safari uloiota wewe, kwa tiketi ulokata wewe, na nusu ya siku nzima hukuwamo moyoni mwangu. Nilikaa kwenye ngazi ile. Watalii wananipita. Nikaona haya ambayo sikuiona hata siku ya Budapest. Thuraya alidhani nimechoka.

Wakati huo video ilikuwa imeshakwenda. Thuraya hakukusudia baya. Shangazi yake Moza alikuwa ameuliza kwenye grupu la ukoo, "Mama yako khali yake vipi?" naye akajibu kwa kuituma. Alitaka wafurahi. Tulipofika kwenye nyumba tulokodi nikafungua simu. Grupu lilikuwa kimya, lile grupu ambalo mtu akituma picha ya biriani hupata majibu mpaka kesho yake. Alama tu, wameona, wameona, wameona. Chini kabisa binamu yako mmoja, simtaji, ameandika, "Mashaallah, mjane kachangamka." Na mwengine akaweka uso unaocheka. Kisha ujumbe wa sauti wa Moza, kwangu peke yangu. Hakusalimia. "Wifi, ukirudi njoo kwangu." Basi.

Thuraya alilia. Nilimwambia hana kosa, na ni kweli hana. Kicheko kilikuwa changu.

Cordoba tuliiona, na Sevilla. Niliendesha mimi, sikupotea tena wala sikucheka. Kwenye ule msikiti mkubwa wa Cordoba, baina ya zile nguzo, kuna mwanamke wa kigeni alinitazama akatabasamu, na mimi nikavuta mtandio usoni, kama kwamba naye ameiona video.

Nikarudi Muscat. Uwanjani nilitafuta kona ya kusimama mpaka mikoba ilipotoka. Nyumbani nikafunga mapazia. Kulikuwa na arusi kwa majirani, nikampa mtumishi zawadi apeleke, nikasema nna mafua. Sokoni nilikuwa nikienda mapema, kwenye maduka ya mbali, na mara moja nikamwona mke wa rafiki yako mbele ya mizani ya samaki, nikaacha kapu langu limejaa nikatoka. Nimekuwa kwenye nchi hii tangu nikiwa na meno ya utoto, na sijapata kutoroka mtu.

Na kwa Moza siendi. Kila siku nasema kesho. Mwisho akapiga simu mwenyewe. "Unangoja nife na mimi?"

Nikavaa, nikaenda Hail.

Alikuwa peke yake, wajukuu wamepelekwa pwani na baba yao. Ameweka kahawa, tende, na vitumbua, vitumbua vile vya kwenu vyenye iliki nyingi. Nikakaa ukingoni mwa kiti kama mwari. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno yangu njiani. Sikupata nafasi.

"Nionyeshe," akasema.

"Nini?"

"Video. Simu yangu imejaa, imefutika. Nionyeshe."

"Wifi, nisamehe. Nitamwambia Thuraya aifute na kule kwenye grupu."

"Wameshaiona. Ukiifuta sasa utakuwa umekiri. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Aliishika simu karibu na miwani yake. Akaitazama mpaka mwisho, sauti yangu inaimba mle ndani ya chumba, mimi natazama zulia. Akairudia. Kisha akaiweka mapajani, na nilipoinua uso nikaona analia.

"Nnakuuliza, na uniambie kweli, hapa hapana mtu," akasema. "Miaka yote hii tumekula pamoja, tumezika pamoja, tumeozesha watoto pamoja. Sijapata kukuona unacheka hivi. Hata siku moja. Alikuwa akikutesa kaka yangu?"

Nassor, nilikwenda kule kuhukumiwa mimi, nikakuta aliyewekwa kizimbani ni wewe. Na shahidi ni kicheko changu. Hapo ndipo aibu ilipogeuka ikawa kitu chengine, kizito zaidi. Nilijua nikijibu ndiyo, nimekuvunjia heshima kaburini kwako. Nikijibu siyo, Moza atajua naficha, kwa sababu kanilea ukubwani, ananijua.

"Hakunitesa," nikamwambia. "Alinipenda, na mie nilimpenda. Alikuwa mkali garini tu. Lakini tulipostaafu, garini ndiko tulikokaa sana."

Nikamsimulia Porto. Nikamsimulia tumbo langu linavyokaza. Sijapata kumwambia mtu. Maneno yalikuwa yakitoka na mimi nikiyaonea haya yanapotoka, kama nakuvua kanzu mbele ya dada yako. Moza alisikiliza, vidole vyake vinazungusha kikombe kitupu. Nilipomaliza akasema, "Hakukusimulia ya uwanja wa ndege?"

"Upi?"

"Tulipokuja huku."

Hukunisimulia. Nilijua mlikuja kwa ndege kutoka Unguja, wewe, mama yako, Moza na mdogo wenu, baba keshafariki kule. Nilijua ulikuwa kijana hata ndevu huna. Hayo tu. Moza akanisimulia yalobaki. Njiani mlibadilisha ndege kwenye mji ambao hakuna aliyekuwa akijua lugha yake. Mama yenu hakuwa akisoma. Pasi zote na karatasi zote alikuwa amekupa wewe, umezifunga kifuani chini ya shati. Mdogo wenu akalia kiu, ukaenda kutafuta maji. Ulipogeuka kurudi, ukakata kushoto badala ya kulia. Na huku walinzi wakaja, wakataka karatasi kwa mama yenu, hana, wakawachukua wote watatu kwenye chumba wakawafungia.

"Tulimsikia anatuita," Moza akasema. "Anapita nje, anarudi, anaita jina langu, jina la mama. Hakujua tuko ndani. Nasi tukiita hasikii. Mpaka sauti ikamkauka. Walipomleta, mama hakumkumbatia. Alimpiga kofi. Akamwambia, 'Kazi moja tu nimekupa. Moja.' Tangu siku ile, wifi, kaka yangu hakusafiri tena. Alikuwa anabeba watu."

Kazi moja tu. Maneno yale yale ulonambia Porto, na mimi miaka yote nilidhani ni yako.

Moza akanisogezea kitumbua, nikakila kwa sababu yake.

Nilipokuwa navaa viatu kuondoka, alinishika mkono mlangoni. "Mwaka wake bado haujatimia," akanambia. "Mie sitakwambia usiende tena. Ila mwaka utimie." Nikamwambia inshaallah. Na yule binamu yako, usiku wake, Moza alimjibu kwenye grupu mbele ya wote: "Kachangamka kwa idhini yangu. Una la kuongeza?" Siku ya pili yake watu wakaanza tena kutuma picha za biriani.

Basi imekwisha, kwa watu. Natoka tena. Juzi nimekwenda sokoni, mke wa rafiki yako akanikumbatia mbele ya samaki, akaniuliza gari za huko zinakodishwaje. Ungefurahi, ungemkalisha mpaka jioni.

Lakini kwangu haijakwisha, na ndo maana nakuandikia. Ile aibu ya video imeondoka na chini yake nimeikuta nyengine. Nimelala pembeni yako umri mzima. Najua unavyokoroma, najua goti lipi linakuuma kukiwa na unyevunyevu. Na sikuwahi kukuuliza kwa nini njia ikipotea sauti yako inageuka ya mtu mwengine. Nilinyamaza, nikaita kunyamaza huko adabu. Ulinimenyea njugu za moto na nikazila, na haikunipitia kuuliza.

Siombi radhi kwa kicheko. Nimejaribu kuiandika hiyo mara mbili hapa na mara mbili nimeikata, kwa sababu nitakuwa nakudanganya. Nitakwenda tena, mwaka ukitimia. Thuraya anataka Sarajevo. Nitaendesha mimi, na naogopa kwamba nitacheka, na haya nitakuwa nayo ndani ya gari, imekaa kiti cha pembeni, nimeshaizoea.

Mola akupe wasaa huko uliko, akupumzishe na mzigo wa kuchunga watu, akukutanishe na mama yako hali ya kuwa amekukumbatia. Moza anakusalimu. Thuraya anakuombea kila sala, namsikia.

Ungalinambia tu kwamba unaogopa, Nassor. Ningalishika usukani mie, na wewe ungalitazama nje.

Mkeo, Mama Thuraya
Azaiba, Muscat